Ukuta uliotoka jasho: kisa cha nyumba iliyozibwa matundu ya hewa, Tanga

Kisa hiki kilitokea Tanga mjini mwaka 2024. Wenye nyumba wameniruhusu kukiandika ili wengine wajifunze. Majina, mtaa na alama za kuitambulisha nyumba nimeviondoa. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, na kazi yangu ya siku nyingi ni kukagua nyumba zenye unyevu. Nimekichagua hiki kwa sababu nyumba za namna hii zinaongezeka kila mwaka, na watu wanaoumia mara nyingi ni watoto na wazee.

Nyumba na watu wake

Nyumba ni ya chini, ya tofali za saruji za inchi 6, mwendo mfupi kutoka baharini. Aliijenga marehemu babu miaka ya 1980 kwa mpangilio ule ule wa nyumba nyingi za Ngamiani, eneo la Tanga mjini: korido katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma pamoja na jiko na choo. Wanaishi watu saba. Baba na mama wanalala na mtoto mchanga. Bibi, mzaa baba, analala na wajukuu watatu katika chumba cha futi 10 kwa 12 kinachopakana na cha wazazi. Ukuta unaotenganisha vyumba hivyo viwili ndio wenye habari yetu.

Babu alijenga kama wenzake wa wakati ule. Juu ya kila dirisha na kila mlango aliacha tofali zenye matundu. Madirisha yalikuwa ya luva, na luva hata uzifunge vipi, hewa inajipenyeza kati ya kioo na kioo. Dari hakuweka; kati ya ukuta na bati palikuwa na upenyo wa mkono mzima. Usiku ukilala humo ulisikia hewa ikitembea. Ilikuwa na kero zake, nitazieleza, lakini harufu ya uvundo haikuwahi kuwa mojawapo.

Ukarabati wa mwisho wa 2023

Sababu za kukarabati zilikuwa za kweli, na sitaki msomaji azidharau. Luva zilikuwa zimelegea. Kibaka aliwahi kuchomoa vioo viwili usiku akavuta simu kwa fimbo. Mbu waliingilia juu, kwenye upenyo wa paa, na mbu wa malaria hupenda hasa njia hiyo. Vumbi la barabara lilitua mpaka kwenye vyombo. Na joto la kaskazi, Januari na Februari, kila aliyelala Tanga analijua.

Wakaita mafundi. Wa aluminiamu akafunga madirisha ya kusukuma yenye kioo cheusi na mpira pembeni. Wa lipu akaziba matundu yote, akapiga skimu mpaka ukuta ukawa laini kama karatasi. Wa dari akashusha dari ya jipsamu, ule upenyo wa bati ukabaki huko juu, hauhusiani tena na vyumba. Seremala akaleta milango mipya inayokaa sawasawa, na mama akaongeza kipande cha mpira chini ya kila mlango kuzuia mende. Wa umeme akafunga kiyoyozi cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) chumbani kwa wazazi, ingawa kwa ukubwa wa chumba kile cha 9,000 kingetosha kabisa.

Nimekagua kazi zao zote. Ni kazi nzuri, kila moja kwa nafasi yake. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza, wala aliyeulizwa, hewa iliyokuwa ikipita pale itapita wapi sasa. Kila fundi aliziba sehemu yake, na zilipokutana zote nyumba ikawa kama chupa yenye kizibo.

Mambo yalivyofuatana

Januari na Februari hakukuonekana kitu. Jua lilikuwa kali, madirisha yalikuwa wazi mchana kutwa, nguo zilikauka uwani kabla hujamaliza kufua nyingine. Usiku wazazi waliweka kiyoyozi nyuzi 18 mpaka alfajiri.

Ramadhani ilianza wiki ya pili ya Machi, na masika nayo ikaanza. Hapo maisha ya nyumba yakabadilika. Kuanzia alasiri masufuria matatu yanachemka: uji, mihogo ya nazi, maharage. Mvua ikinyesha, jiko la gesi linahamishiwa mwisho wa korido. Nguo zikawa zinaanikwa kwenye kamba humo humo koridoni. Madirisha yakafungwa mchana kwa mvua na usiku kwa mbu. Kabla ya Idd bibi alianza kulalamikia harufu. Alisema ni ya kanga iliyofungiwa sandukuni ikiwa mbichi.

Aprili mama alisogeza kabati la watoto kutafuta kiatu. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa mweusi kwa madoa, mengine makubwa kama kiganja, na plaiwudi ya mgongo wa kabati ilikuwa imevimba. Sare moja ya shule ilikuwa na unga wa kijani kwenye kola. Mjukuu wa miaka sita, ambaye ana pumu tangu akiwa mdogo, alikuwa akiamka usiku kukohoa, na mwezi huo alipelekwa hospitali mara mbili.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alisema ni maji ya msingi yanapanda. Akabandua lipu mpaka usawa wa kiuno, akapiga saruji ya kuzuia maji, akapaka rangi upya. Kazi ya siku nne na fedha si haba. Katikati ya Mei fangasi wakarudi, safari hii wakaanzia juu ya pale alipoishia. Mimi niliitwa wiki ya mwisho ya Mei.

Nilichokikuta

Maji ya msingi yana alama zake. Huanzia chini, hupanda mpaka futi tatu hivi, na pwani huku huacha chumvi nyeupe inayobandua rangi. Ukuta huu chini ulikuwa mkavu. Fangasi walianzia usawa wa goti, wakazidi nyuma ya kabati, wakakusanyika kwenye pembe ya juu karibu na dari. Tena walikuwa kwenye ukuta mmoja tu kati ya minne, ule wa kupakana na wazazi. Ukuta wa nje, unaopigwa na mvua yote ya kusi, ulikuwa safi.

Nikaweka kiganja ukutani, nikakuta baridi. Bibi alikuwa ameketi kitandani akinitazama. Akasema: "Mwanangu, ukuta huu unatoka jasho. Alfajiri nikiamka kuswali naupangusa kwa kanga." Neno hilo la bibi lilinipa jibu kabla ya kipimo chochote, na ningekuwa nimeanza kwa kumuuliza yeye ningeokoa saa nzima.

Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani. Baada ya dakika chache inalowa nje, ilhali maji hayajatoka ndani ya chupa. Ni mvuke uliomo hewani umekutana na kitu baridi ukageuka umande. Ukuta wa chumba cha bibi ulikuwa ile chupa. Kiyoyozi cha upande wa pili kiliupoza usiku kucha, baridi ikavuka tofali la inchi 6, na upande wa watoto kulikuwa na hewa iliyojaa mvuke isiyo na pa kutokea.

Baba hakukubali mara moja, na hoja yake ilikuwa ya haki: "Fundi, baridi iko kwangu, mbona kwangu hakuna hata doa?" Kweli, upande wake ukuta ulikuwa mweupe na mkavu. Sababu ni kwamba kiyoyozi kikipoza hewa hukamua na maji yake. Ndiyo yale matone yanayotoka kwenye kile kipaipu cha nje. Chumba cha wazazi kilipata baridi pamoja na ukavu. Chumba cha bibi kilipata baridi peke yake.

Nikaacha vipimo chumbani kwa bibi usiku mbili, na ukutani nikatumia kipimajoto cha kulenga, kama kile walichotupimia watu milangoni wakati wa Uviko. Saa kumi na moja alfajiri chumba kilikuwa na nyuzi 28 na unyevu wa hewa asilimia 85. Hewa ya namna hiyo huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Ukuta nyuma ya kabati ulikuwa nyuzi 23. Hewa ya ukaa, ambayo nje huwa takriban sehemu 420 katika kila milioni, humo ilikuwa 2,900. Kiasi hicho chenyewe si sumu, ila kinaeleza jambo moja bila kuficha: pumzi waliyoitoa usiku kucha ilibaki humo humo, wakaivuta tena.

Nikaomba chetezo. Bibi akatia kaa moja na kipande cha udi, tukakiweka chini ya dirisha, mlango tukaufunga kama wanavyolala. Moshi ulipanda wima, ukagusa dari, ukatandaa, kisha ukaning'inia pale kama wingu. Dakika tano nzima haukwenda popote. Watoto walisimama mlangoni wakitazama. Sijapata kipimo kinachomwelewesha mwenye nyumba kuliko hicho.

Maji yenyewe yalitoka wapi? Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na ngozi takriban gramu 40 za mvuke kwa saa, mtoto pungufu kidogo. Watu wanne kwa saa nane ni karibu lita moja. Ongeza nguo za koridoni na mvuke wa masufuria unaoingia kila mlango ukifunguliwa. Nyumba ya babu iliyatoa maji hayo bila mtu kujua. Nyumba mpya iliyatunza.

Tulichoamua na kwa nini

Hatua ya kwanza haikuwa na gharama: kiyoyozi kipandishwe kutoka 18 hadi 26 na feni isaidie. Ukuta usiokuwa baridi hautoi jasho. Baba alikubali 25, nami sikubishana. Usiku huo huo kabati likahamishiwa ukuta mwingine, likaachwa sentimita 10 kutoka ukutani ili hewa izunguke nyuma yake.

Kisha hewa. Baba alipendekeza dirisha liachwe wazi inchi moja. Nikamwomba afikirie nani atakayeliacha wazi. Yeye ana hofu ya kibaka. Mama ana hofu ya mbu. Bibi anaamini upepo wa usiku unaingia kifuani kwa mtoto, na imani hiyo hutaiondoa kwa hotuba ya fundi. Kwa hiyo dirisha litafungwa, kila usiku, na kila mmoja kwa nia njema. Tulihitaji upenyo mdogo usiomngoja mtu aukumbuke, ulio juu ya vichwa, usiopitisha mkono wala mbu.

Wazo hili si geni. Uingereza huweka upenyo mwembamba juu ya fremu ya dirisha, wenye kifuniko kidogo, unaoendelea kupitisha hewa hata dirisha likiwa limefungwa kwa ufunguo. Mwongozo wa ujenzi wa England, Sehemu F, toleo la 2021 lililoanza kutumika Juni 2022, unataka chumba cha kulala cha nyumba isiyo na ghorofa kiwe na upenyo wa milimita za mraba 10,000, yaani sentimita za mraba 100. Unataka pia anayebadilisha madirisha ya zamani asiiache nyumba na hewa duni kuliko aliyoikuta. Sharti hilo la mwisho lingewaokoa wenyeji wangu fedha nyingi.

Ila kipimo chao hakiwezi kuhamishwa hivi hivi. Kwao nje kuna baridi na ndani kumepashwa moto, na tofauti hiyo huivuta hewa yenyewe. Tanga usiku tofauti ya ndani na nje ni nyuzi chache tu, na wavu wa mbu unakula sehemu ya njia. Nikaamua sentimita za mraba 400 juu ya dirisha la bibi, na kiasi hicho hicho juu ya mlango wa kuingilia koridoni, maana hewa haiingii chumbani kama haina pa kutokea. Mwisho wa korido, kuelekea uwani, tukapanga tundu kubwa zaidi.

Hatukulazimika kubomoa. Nilimwambia kijana wa lipu agonge kwa mpini wa nyundo juu ya dirisha, chini kidogo ya linta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta, asikilize. Pote palilia tii, palipozibwa pakalia wazi kama ngoma. Akachokoa, kipande cha skimu kikadondoka, nyuma yake yakatokea matofali ya babu na matundu yake mazima, moja likiwa na kiota cha udongo cha nyigu. Alipokitoa, hewa ya bahari ikaingia na kupeperusha vumbi la lipu usoni kwetu. Baba akasimama kimya. Kisha akasema: "Nililipa kuziba, sasa nalipa kufungua." Sikumjibu kitu. Yeye hakukosea kwa uzembe, alikosa mtu wa kumwambia.

Kwenye kila tundu tukaweka wavu wa faiba. Wavu wa kawaida wa chuma, karibu na bahari, haumalizi mwaka kabla chumvi haijautoboa kutu, na mbu akishapata tundu moja bibi angeziba yote. Kwa ndani tukaweka kifuniko cha mbao cha kusogeza kinachoacha nafasi ya kidole hata kikifungwa kabisa.

Fangasi tuliwasafisha kabla ya kupaka chochote. Ukuta mgumu ulioshwa kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji, mafundi wakiwa na barakoa, watoto wakiwa kwa shangazi yao. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye tindikali. Hutoa gesi mbaya. Kipande cha jipsamu kilichooza pembeni tulikikata na kukitupa, kwa kuwa fangasi akishaingia ndani ya jipsamu haoshwi akatoka. Rangi tuliizuia wiki sita.

Nguo zilihamia uwani chini ya bati jipya la miguu minne. Jiko la gesi likarudi jikoni. Na hapa nilisema kwa ukali kuliko mahali pengine popote: siku za mvua jiko la mkaa lilikuwa likiingizwa koridoni. Mkaa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na matundu haya hayatoshi kuiondoa. Mkaa ubaki nje, hata mvua inyeshe namna gani.

Matokeo, na pale tulipokwama

Kwanza nilikwama mimi. Siku ya kwanza tulifungua tundu la dirishani tu, lile la mlangoni tukaliacha kwa kuwa seremala alikuwa na kazi Pongwe. Usiku kipimo cha hewa ya ukaa kikaonyesha 2,300. Nafuu ndogo mno. Tukarudisha chetezo: moshi ulicheza karibu na dirisha, ndani ya chumba ukabaki kuning'inia. Seremala alipofungua juu ya mlango siku tatu baadaye, tukajaribu tena. Safari hii moshi ulipanda, ukalala, ukajivuta polepole kama uzi mpaka juu ya mlango ukatokea koridoni. Watoto wakaufuata wakishangilia. Usiku huo kipimo kilikuwa kati ya 900 na 1,100.

Kosa la pili lilikuwa langu pia. Katikati ya Juni ilikuja mvua ya kusi yenye upepo, ikapiga moja kwa moja kwenye tundu la dirishani na kulowesha mto wa bibi. Bibi akafanya ambalo yeyote angefanya, akashindilia kipande cha gunia. Nilipopita wiki mbili baadaye harufu ilikuwa imeanza kurudi, na pembe ya juu ilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu. Hewa ya ukaa ilikuwa 2,600. Bibi alidhani nitamlaumu. Nilimwomba radhi, kwa sababu nilimpa tundu lisilo na kofia mahali ambapo nusu ya mwaka upepo unatoka upande huo. Tukaweka kofia ya bati kwa nje, iliyoinama, na chini ya tundu tukapiga saruji yenye mteremko wa kutoa maji. Gunia akalitoa mwenyewe.

Mwisho wa Julai ukuta ulikuwa mkavu nyuma na mbele. Unyevu wa alfajiri chumbani ulicheza kati ya asilimia 72 na 78, na ukuta haukushuka chini ya nyuzi 26. Tukapaka rangi, na hadi ninapoandika haijabadilika. Mama anasema mtoto haamki tena kila usiku. Agosti aliamka kwa kikohozi mara mbili tu. Bado anatumia dawa zake za pumu kama daktari alivyoagiza, na mimi si daktari wa kudai kwamba matundu yamemponya. Najua kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na fangasi majumbani unaunganisha hali hizo na kikohozi, kubanwa kifua na kuzidi kwa pumu, na kwamba kitu hicho sasa hakimo chumbani mwake.

Chumba cha wazazi hakikwenda laini hivyo. Tuliwafungulia tundu dogo la sentimita 10 kwa 10. Lilikaa karibu na mdomo wa kiyoyozi, na asubuhi ya kwanza mama alikuta matone yamejipanga kwenye kifuniko kama shanga. Ilikuwa hewa ya nje yenye mvuke ikikutana na mbao iliyopozwa. Tukalihamishia ukuta wa mkabala, mbali na ule upepo wa baridi, matone yakaisha.

Uchambuzi

Hoja niliyoulizwa na mafundi wawili niliowasimulia kisa hiki ni nzuri: Tanga hewa ya nje yenyewe ina unyevu, sasa kuiingiza kunakaushaje chumba? Jibu liko kwenye kiasi cha maji, asilimia peke yake inapotosha. Usiku wa Mei nje kulikuwa na nyuzi 23 na unyevu unaokaribia asilimia 90, kwa hiyo umande wake ulianzia kwenye nyuzi 21 hivi. Ndani asilimia ilikuwa ndogo kidogo, 85, lakini kwa joto la nyuzi 28 hewa hubeba maji mengi zaidi, na umande ulianzia 25. Nje palikuwa pakavu kuliko chumbani, ingawa ukitazama asilimia peke yake utadhani kinyume. Chumba chenye watu wanne na mlango uliofungwa, alfajiri, karibu kila mara kina maji kuliko nje.

Kwenye chumba cha kiyoyozi hesabu inageuka. Hapo hewa ya nje ndiyo inayoleta maji, na tundu kubwa litakipa kiyoyozi kazi isiyoisha. Lakini kuziba kabisa si jibu, maana kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinaivuta ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Wengi hawalijui hili, na baba mwenye nyumba alikuwa mmoja wao. Tundu liwe dogo, lisikae kwenye mkondo wa baridi, na nyuzi zisishuke chini ya 25. Kiyoyozi kikubwa kupita chumba nacho huharibu: kinapoza haraka, kinazima, hakipati muda wa kukamua maji. Hiki cha BTU 18,000 bado kipo pale na bado kinafanya hivyo.

Kilichofanya kazi hasa ni kutazama pande zote mbili za ukuta. Fundi wa kwanza hakuingia chumba cha wazazi, wala hakuuliza wanalalaje. Alikuja mchana, madirisha yakiwa wazi, saa ambayo chumba hakiumwi. Nyumba za namna hii zikaguliwe usiku, au angalau aulizwe anayeamka mapema. Na tundu la kudumu lilishinda dirisha la kufungua kwa sababu halikutegemea kumbukumbu ya mtu yeyote. Liliposhindwa, lilishindwa pale tu lilipomlowesha aliyelala chini yake, na mzigo wa kosa hilo ni wa fundi.

Kuna sehemu moja yenye fangasi ambayo hatujaimaliza. Stoo upande wa pili wa chumba cha wazazi nayo inapakana na ukuta wa kiyoyozi, haina dirisha, na imejaa magunia ya mchele na masanduku ya bibi. Tumekubaliana na baba kwamba kabla ya vuli tutaitoboa juu ya mlango na upande wa uwani. Kijana wa lipu ameshagonga akasikiliza. Hapo babu hakuacha tundu, itabidi tutoboe wenyewe.